Pima Bega Kabla ya Kukata Paipu

Mtu anayeendesha kiti cha magurudumu kwa mikono yake mwenyewe huyafanyisha mabega kazi ya nyonga, na bega halikuumbwa kwa kazi hiyo. Nyonga ni kiungo kilichozama ndani ya kikombe kirefu cha mfupa. Hubeba mwili maisha yote. Bega ni kinyume chake. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegeshwa tu kwenye kikombe kifupi, kikishikiliwa na misuli midogo ambayo kano zake hupita kwenye uwazi mwembamba chini ya ncha ya bega. Umbo hilo ndilo linalotuwezesha kufikia dari na kujikuna mgongo, lakini kila mkono unapobeba mwili ule uwazi hubana na kano husagika. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani, Bayley na wenzake, walichunguza watu 94 waliopooza miguu, wakakuta 31 kati yao wana maumivu ya bega wanapojihamisha kutoka kitini. Walipopima shinikizo ndani ya kiungo chenyewe wakati wa kujihamisha, lilifika mara mbili na nusu ya shinikizo la damu kwenye ateri. Maumivu ya namna hiyo watu huyaita uzee, au udhaifu, au ubovu wa barabara. Mwongozo huu una dai jingine: sehemu kubwa ya maumivu hayo huamuliwa kwenye meza ya fundi, siku anapochagua mahali pa kuiweka ekseli ya gurudumu kubwa. Basi kama unatengeneza viti hivi, au unatengenezewa, au umepewa kimoja na unataka kukirekebisha, anza hapo.

Nakivubo ni mahali panapofaa kulipima dai hili, kwa sababu pana ugumu wote na pana dawa. Ni bonde. Mfereji unaopeleka maji ya Kampala hadi Ziwa Victoria unapita hapo, na anayetoka kwenye uwanja wa mpira au soko la Owino, ambalo kwa jina rasmi ni St. Balikuddembe, akitaka kwenda Nakasero, Old Kampala au Namirembe lazima apande kilima. Mvua kubwa ikinyesha mfereji hufurika, na tope linalobaki barabarani huishia ndani ya beringi. Njia za sokoni ni nyembamba, na stendi za taksi hazimsubiri mtu. Lakini hapo hapo, mwendo mfupi tu, kuna Kisekka na vipuri vyake vya magari; wachomeleaji wa Kisenyi wako jirani, na wale wa Katwe hawako mbali. Paipu, bamba, beringi, ringi za baiskeli na boliti za kila unene zinapatikana kabla jua halijawa kali. Chuma kipo. Kinachokosekana mara nyingi ni futi kamba iliyopitishwa kwenye mwili wa mwenye kiti.

Tazama kiti cha kawaida cha hospitali, kile kinachokunjwa katikati na ambacho misaada mingi huja nacho. Ekseli yake hupita kwenye paipu ya wima inayoshika egemeo la mgongo. Kilibuniwa kisukumwe na muuguzi kwenye sakafu laini, na kwa muuguzi hakina kosa: hakipinduki kirahisi. Kwa anayejisukuma mwenyewe, hesabu ni nyingine. Mabega yake yako mbele ya ekseli, kwa hiyo ili ashike ringi ya kusukumia pale msukumo unapoanzia, lazima mkono urudi nyuma ya mwili huku kiwiko kikipanda na bega likisukumwa mbele. Sehemu ya ringi anayoweza kuifikia huwa fupi, na msukumo mfupi maana yake ni misukumo mingi. Gurudumu la inchi 24 huenda karibu mita 1.9 kwa mzunguko mmoja. Anayepata mita 1 kwa kila msukumo hujisukuma mara 1,000 kwa kilomita. Anayepata mita 1.3 hujisukuma mara 770 hivi. Kwa mtu anayekwenda kilomita 3 kwa siku, tofauti hiyo inakaribia misukumo 700 kila siku. Mwaka 2000 Michael Boninger na wenzake wa Pittsburgh walipima jambo hili kwa vifaa vilivyofungwa kwenye ringi zenyewe, wakaona kwamba kadiri ekseli inavyosogea mbele kuelekea chini ya bega, ndivyo msukumaji anavyopunguza idadi ya misukumo, na ndivyo nguvu inavyoingia polepole badala ya kuja kwa kishindo. Mwongozo wa kitabibu uliotolewa mwaka 2005 kwa udhamini wa Paralyzed Veterans of America, chama cha askari wa zamani waliopooza, uliligeuza hilo kuwa agizo: sogeza ekseli mbele kadiri uthabiti wa kiti unavyoruhusu.

Kuna faida ya pili ambayo mafundi wengi hawaihesabu, nayo ni uzito unaoangukia magurudumu madogo ya mbele. Gurudumu dogo huzama kwenye tope na kugonga kila jiwe. Kwa uzito uleule, hukinza mwendo zaidi kuliko gurudumu kubwa. Chukua mtu na kiti chake wenye jumla ya kilo 87, ekseli za mbele na nyuma zikiwa zimeachana kwa sentimita 40, na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 16 mbele ya ekseli ya nyuma. Magurudumu ya mbele yanabeba asilimia 40 ya uzito, yaani kilo 35 hivi. Sogeza ekseli ya nyuma mbele kwa sentimita 6 tu. Sasa kitovu kiko sentimita 10 mbele yake na ekseli zimeachana kwa sentimita 34. Mzigo wa mbele umeshuka hadi kilo 26 hivi. Kilo 9 zimehama kutoka kwenye gurudumu linalozama hadi kwenye gurudumu linaloviringika, na hakuna kilichonunuliwa isipokuwa bamba na boliti.

Faida ya tatu huonekana zaidi mjini Kampala kuliko kwenye maabara. Barabara huinamia kando ili maji yaende mtaroni. Kiti chenye uzito mwingi mbele ya ekseli, kikipita juu ya mwinamo huo, hugeuza pua yake kuelekea mtaroni chenyewe, na mwenye kiti hulazimika kukishikilia kwa mkono mmoja wa upande wa chini njia nzima. Mkono ule hufanya kazi ya miwili. Ukisikia mtu analalamika bega moja tu, na njia yake ya kila siku ni ileile, chunguza mwinamo wa barabara na mahali pa ekseli kabla hujamnunulia dawa ya kuchua.

Pingamizi la kusogeza ekseli mbele linajulikana na lina uzito: ekseli ikisogea mbele, kiti hupindukia nyuma, na Nakivubo kila njia inapanda. Hesabu inawapa haki wanaolitoa. Kama kitovu cha uzito kiko sentimita 60 juu ya ardhi na sentimita 10 tu mbele ya ekseli, kiti kilichosimama hufika ukingoni mwa kupinduka kwenye mlima unaopanda sentimita 1 kwa kila 6, na msukumo wa ghafla humpindua mtu kabla ya hapo. Kwa ile ekseli ya nyuma ya sentimita 16, ukingo huo huja kwenye mlima mkali zaidi, karibu 1 kwa 4. Lakini mwili si gunia. Mtu anayeweza kuinamisha kiwiliwili mbele anapopanda hurudisha sentimita hizo mara moja, na karibu kila mpandaji mzoefu hufanya hivyo bila kufundishwa. Asiyeweza kuinama, kwa mfano aliyepooza kuanzia kifuani, anahitaji ekseli iliyo nyuma kidogo. Aliyekatwa miguu yote miwili anaihitaji nyuma zaidi, kwa sababu miguu iliyokuwa ikivuta uzito mbele haipo; wako watu wa kaskazini mwa Uganda waliopoteza miguu kwa mabomu ya ardhini ambao kiti kinachomfaa jirani yao kitawaangusha siku ya kwanza. Kwa hiyo ekseli haifai kuchomelewa mahali pamoja milele. Chomelea bamba la chuma la unene wa milimita 5 au 6 kila upande, toboa matundu manne au matano yenye kuachana kwa sentimita 2, anza na tundu la nyuma, na baada ya wiki kadhaa za mazoezi songa tundu moja mbele. Weka vigurudumu vidogo vya kuzuia kupinduka nyuma, viwe vya kuchomolewa au kugeuzwa juu, maana kwenye ukingo wa barabara ya Kampala hukwama na kumwacha mtu akining'inia.

Bamba hilo linaweza kufungwa kwa boliti kwenye kiti cha msaada ulichokwisha kupewa, bila kukikata. Angalia mambo matatu ambayo fundi mwenye haraka huyasahau. Breki lazima isogee pamoja na gurudumu, kwa kipimo kilekile, la sivyo haishiki tairi, na kiti kisicho na breki Nakasero ni hatari kuliko bega linalouma. Ukipandisha ekseli juu ili kiti kishuke nyuma, nguzo ya gurudumu la mbele nayo inalala. Irudishe wima, kwa sababu nguzo iliyolala hulifanya gurudumu ligome kugeuka au litetemeke kwenye mwendo. Na gurudumu kubwa likija mbele linakaribia lile dogo: lizungushe dogo duara kamili na uhakikishe hayagusani wala hayambani mtu kisigino.

Kimo nacho kina kanuni. Mtu akae wima juu ya mto wake wa kila siku, maana mto mnene humpandisha, na mto wa sifongo uliochoka humshusha. Kupima bila mto ni kupoteza muda. Aweke mkono juu kabisa ya ringi ya kusukumia. Kiwiko kiwe kimekunjwa kufungua pembe ya digrii 100 hadi 120, yaani wazi kidogo kuliko kona ya daftari. Kikiwa kimekunjwa zaidi ya hapo, amekaa chini mno, na bega hupanda kuelekea sikioni kwa kila msukumo. Kikiwa kimenyooka, amekaa juu mno na anafikia kipande kifupi tu cha ringi. Kipimo cha haraka kisicho na vifaa: aachie mikono ining'inie, na ncha ya kidole cha kati iguse usawa wa ekseli. Upana wa kiti uwe upana wa nyonga zake na nguo zake, usizidi. Wapo wanaopenda kiti kipana wakidhani ni starehe, au wakikipima kwa mwili watakaokuwa nao wakinenepa. Kiti kipana hutawanya mikono mbali na mwili, na msukumo wa mikono iliyotawanyika ndio unaobana ule uwazi wa bega. Pia hakipiti mlangoni. Kina cha kiti kiwe kifupi kwa sentimita 3 hivi kuliko urefu wa paja kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, ili asiteleze na kukaa amejikunja. Anayekaa amejikunja mabega yake huja mbele, na kano hubanwa hata kabla hajasukuma. Egemeo la mgongo la anayejiweza liishie chini ya mfupa wa nyuma ya bega, ili mfupa huo ucheze. Asiyejiweza apewe refu. Hapo uthabiti wa kiwiliwili unatangulia.

Wengi wakisikia habari za mabega hurukia uzito wa kiti. Watakuambia kiti chepesi cha alumini kutoka ng'ambo ndicho dawa, na kwamba vya chuma vya hapa ni mateso. Mwongozo wa 2005 nao unashauri kiti chepesi iwezekanavyo, na sipingani nao. Lakini hebu tuhesabu. Kwenye mlima wa 1 kwa 12, kilo 87 humtaka mtu asukume dhidi ya mvuto wa kama kilo 7 na robo. Badilisha kiti cha kilo 22 kwa cha kilo 15, mvuto unashuka hadi kilo 6 na theluthi mbili. Ni nafuu ya asilimia 8, baada ya gharama kubwa na kiti ambacho paipu yake ikipasuka fundi wa kuchomelea alumini si kila mtu. Ekseli iliyowekwa vizuri inakupa zaidi ya hapo kwa bei ya bamba. Uzito unadai heshima yake mahali pengine: pale kiti kinapoinuliwa kuingizwa kwenye taksi au kufungwa nyuma ya boda boda. Kama mwenye kiti hukiinua mwenyewe, punguza kila gramu, hasa mbali na mwili: magurudumu yachomoke, sehemu ya kukanyagia itoke. Kama kondakta ndiye hukiinua, tumia pesa yako kwenye ekseli na beringi kwanza.

Beringi ndizo zinazoibia watu nguvu kimyakimya. Nunua zilizofungwa kwa mpira pande zote mbili, za ukubwa unaopatikana Kisekka siku yoyote, ili ikifa mwenye kiti asisubiri kontena. Matairi yawe ya upepo. Hoja ya msumari na kifuniko cha chupa ni ya kweli, na ndiyo iliyoleta matairi magumu yasiyopasuka. Ila watafiti wa Canada walipoyalinganisha mwaka 2004 waliona kwamba tairi la upepo, hata lililopungua upepo, huviringika kwa wepesi kuliko lile gumu. Kiraka na gundi ni bei ndogo kuliko bega. Halafu pima kama magurudumu makubwa yanatazama mbele sawasawa: kwa kimo cha ekseli, pima umbali kati ya ringi mbili kwa mbele, kisha kwa nyuma. Tofauti ikizidi milimita chache, kiti kinakwenda huku kikisugua ardhi, na hakuna misuli itakayofidia. Kwa magurudumu ya mbele, kipenyo cha sentimita 20 na upana wa kutosha hupita penye tope na kokoto ambapo yale membamba ya hospitali hukatia ardhini. Gurudumu la mpira mpana lijulikanalo kama gurudumu la Zimbabwe lilibuniwa kwa ajili ya ardhi kama hii.

Ringi ya kusukumia iliyotengenezwa kwa paipu nyembamba na kung'arishwa humlazimisha mtu aikaze kwa vidole, na kukaza huko huumiza kifundo cha mkono, ambamo neva ya kati hupita kwenye mfereji mwembamba. Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, hasa usiku, ndiyo dalili yake. Tumia paipu nene kidogo na uiache mbali na tairi kiasi cha vidole kupita. Kuizungushia mpira wa tyubu ya pikipiki husaidia wakati wa kupanda na kwenye mvua, lakini wakati wa kushuka kutoka Old Kampala mpira huo huchoma viganja. Anayeuweka avae glavu. Namna ya kusukuma nayo inafundishika. Shika ringi nyuma kidogo ya kilele, sukuma kwa mkupuo mrefu wa polepole, achia, kisha acha mkono uanguke chini ya ringi na urudi nyuma kwa njia hiyo ya chini. Kuurudisha mkono kwa kuupandisha juu ya ringi huchosha bega bure. Penye mlima mkali kanuni hii hulegezwa, kwa sababu kiti kitarudi nyuma kabla mkono haujarudi. Hapo misukumo mifupi inaruhusiwa, na pumziko la mara kwa mara kiti kikiwa kimewekwa ubavu kwa mlima.

Msomaji mwenye shaka atauliza: tafiti hizi zimefanywa kwa watu wa Pittsburgh wenye barabara laini, zinatuhusu nini sisi wa bondeni? Zinatuhusu kwa sababu kano za bega ni zilezile, na kama zinaumia kwenye sakafu laini, penye tope haziwezi kuumia pungufu. Pale ambapo shaka hiyo ina ukweli ni kwenye umbo la kiti. Kiti kifupi chepesi cha mjini Marekani kikikutana na shimo, gurudumu la mbele hukwama na mtu huruka kifudifudi. Waliofanya kazi katika nchi zetu walijibu kwa kurefusha kiti. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1966, na shirika la Whirlwind aliloanzisha, waliyapeleka magurudumu ya mbele mbali kuelekea vidoleni. Shirika la Uingereza la Motivation, lililoanzishwa mwaka 1991, lilitumia gurudumu moja la mbele lililotangulizwa. Kwa njia hiyo uzito mwingi hubaki nyuma, kwenye magurudumu makubwa, na kiti hakirushi mtu kinaposhuka. Kampala yenyewe imekuwa na karakana ya MADE, ya wanawake wenye ulemavu waliotengeneza viti kwa mikono yao kwa maarifa yaliyotokana na Whirlwind, na hilo lina maana: anayekaa kwenye kiti anachokichomelea hahitaji kuambiwa bega liko wapi. Lakini urefu una bei yake. Kiti kirefu hakigeuki kwenye vichochoro vya Owino. Uamuzi wangu ni huu: anayeishi penye murram na kuja mjini mara chache achukue kirefu, mwenye kibanda sokoni achukue kifupi chenye magurudumu mapana ya mbele na ekseli ya kuhamishika, na ajifunze kukiinua mbele kidogo anapovuka shimo.

Kwa safari ndefu, kiti chochote cha kusukuma ni chombo kisichofaa, na ni vyema kulikubali hilo mapema. Mpakani Busia, na vilevile kati ya Goma na Gisenyi, wafanyabiashara wenye ulemavu wamejulikana kwa miaka mingi kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, wakivusha mizigo ambayo hakuna msukuma ringi angeithubutu. Vipimo vilivyofanywa Ulaya vinaunga mkono hekima yao: kwa kazi ileile, mkono unaozungusha pedali hulibebesha bega mzigo mdogo kuliko unaosukuma ringi, kwa kuwa mkono hauachii na nguvu haikatiki. Sharti ni pedali ikae chini ya usawa wa mabega. Baiskeli nyingi huundwa na pedali iliyopanda hadi kidevuni, na faida yote hupotea. Njia nyingine ni wenzo. Amos Winter wa MIT alibuni kiti cha nyenzo mbili na kukijaribu Kenya, Uganda na Tanzania: ukishika wenzo juu unapata nguvu ya kupanda, ukishika chini unapata mwendo. Mwenye uwezo wa kupata vyombo viwili, baiskeli ya barabarani na kiti cha ndani na sokoni, asisite.

Ekseli nzuri haitamsaidia mtu anayejiinua kwa mikono mara 20 kwa siku kwenda mahali pa juu. Yale matokeo ya Bayley yalihusu kujihamisha. Egemeo la mkono lichomoke au ligeuke ili mtu ateleze kando badala ya kujinyanyua. Kitanda kikatwe miguu kilingane na kiti. Ubao laini wa kutelezea uwepo. Sokoni, bidhaa zinazoguswa kila mara zikae chini ya usawa wa bega, na mizani isitundikwe juu.

Kuna wanaosema kuwa tunamfundisha mtu kuvumilia ubaya wa mji: tengenezeni barabara, na viti vitajitengeneza. Madai yao kwa serikali ni halali. Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020. Anayejenga njia ya kupandia kali kuliko 1 kwa 12 aulizwe. Ila hata sakafu laini kabisa, kama tulivyoona, haikuwaokoa waliokalia viti vibaya, na kano iliyokatika haiungwi na lami. Mambo mawili haya yanaendeshwa pamoja, na moja kati yake liko mikononi mwako wiki hii.

Kwa hiyo, siku ya kuchukua kiti, nenda na mwenye kukikalia, na mto wake, na futi kamba. Mkalishe. Tazama kiwiko kwenye kilele cha ringi, tazama bega liko wapi ukilinganisha na ekseli, pima ringi mbele na nyuma, zungusha magurudumu madogo, funga breki na ujaribu kukisukuma. Mwache aende mita 100 juu ya barabara inayopanda, mtu mmoja akiwa nyuma yake, kisha arudi kwenye mwinamo wa kando. Fundi akikuambia ekseli haihami, mwambie aweke bamba lenye matundu, na usilipe salio mpaka aliweke.